Mavazi na Viatu: Kifungu cha Kwanza cha Imani na Nguo za Usharika

Kila mwaka, katika madarasa yetu ya Kipaimara, watoto hukariri maelezo ya Luther juu ya kifungu cha kwanza cha Imani. Huyasema kwa sauti moja, upesi, kama watu wanaoteremka mlima, na mwalimu huridhika iwapo hakuna aliyejikwaa. Katika mwendo huo wa haraka jambo moja huwapita, nasi waalimu limetupita kwa miaka mingi. Luther anapohesabu mema ambayo Mungu humpa mwanadamu, baada ya mwili na roho, macho na masikio, akili na fahamu, kitu cha kwanza anachokitaja nje ya mwili ni mavazi na viatu. Chakula na kinywaji hufuata. Nyumba, shamba na mifugo huja baadaye. Katika ombi la nne la Sala ya Bwana mpangilio hugeuka na chakula hutangulia, kama istahilivyo sala ya mkate, lakini huko nako mavazi na viatu havikuachwa.

Hatukusudii kujenga fundisho zima juu ya mpangilio wa maneno. Tunachosema ni kwamba, kama nguo ni zawadi ya Muumba sawasawa na jicho na sikio, basi namna nguo inavyotengenezwa, na udongo na maji na jasho la nani vilivyotumika, na muda itakaovaliwa kabla ya kutupwa, ni maswali ya kifungu cha kwanza. Hayawezi kuachiwa watu wa mitindo peke yao. Katika makala haya tunapenda kuyachukua maswali hayo na kuyaleta mahali yanapotugusa sisi watumishi kwa karibu, yaani katika nguo ambazo usharika wenyewe huagiza: magauni ya Kipaimara, sare za kwaya, vitenge vya sikukuu na majoho ya wachungaji.

Tulilazimika kulifikiri jambo hili kwa sababu ya msichana mmoja. Katika usharika tuliouhudumia kabla ya kuja kufundisha, yalikuwapo mazoea kwamba wasichana wote wa Kipaimara washonewe gauni jeupe la namna moja. Baraza la wazee lilichagua satini ya dukani mjini, yenye kung'aa, nasi tulitia sahihi bila kuuliza bei. Siku ilipofika, viti vya wasichana vilijaa isipokuwa kimoja. Aliyekosekana ndiye aliyeijua Katekisimo kuliko wenzake wote. Jumatatu tulikwenda nyumbani kwao pamoja na mzee wa kanisa wa mtaa ule. Mama yake alitukaribisha, akatuletea vigoda, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, mtoto yupo, yuko nyuma ya nyumba anakata majani ya ng'ombe. Gauni ndilo halikuwapo." Hakusema kwa hasira. Tungalipenda aseme kwa hasira.

Msichana huyo alipata Kipaimara majuma matatu baadaye, akiwa amevaa sare yake ya shule. Nayo yale magauni ya wenzake tuliyaona mara kwa mara katika miezi iliyofuata tulipozunguka mitaani. Moja alikuwa amerithishwa mdogo mtu, mshono wa kwapani umekwisha kufumuka. Jingine lilitobolewa na pasi ya mkaa, kwa kuwa satini ile ilikuwa poliesta na poliesta huyeyuka kwa moto. Mama mmoja alituambia, huku akicheka, kwamba alijaribu kulifanya tambara la kupigia deki, likakataa kunyonya maji. Ilikuwa ni nguo iliyoshonwa kwa saa tatu za ibada, na kwa ajili ya saa tatu hizo mtoto wa Kanisa alijificha nyuma ya nyumba.

Uzi hutoka wapi

Ndugu msomaji anayetoka Usukuma atuvumilie tunapoeleza mambo aliyoyajua tangu utoto. Pamba ya Tanzania hulimwa zaidi Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, katika mashamba madogo ya familia, kwa kutegemea mvua, na huchumwa kwa mkono. Kiwandani pamba mbegu huchambuliwa. Karibu theluthi moja ya uzito wake huwa nyuzi, na sehemu iliyobaki ni mbegu, ambayo hukamuliwa mafuta na mashudu yake hulishwa mifugo. Nyuzi husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, kitambaa hupaushwa na kutiwa rangi. Kila hatua hula maji, moto na dawa, na hatua ya rangi ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote kwa kuchafua mito. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu huondoka nchini kabla hazijasokotwa. Hurudi zikiwa shati.

Si halali kuisifu pamba kana kwamba haina dhambi. Huko Asia ya Kati, serikali ya Kisovieti iliyageuza maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yaende mashambani, hasa ya pamba, na tangu miaka ya 1960 Bahari ya Arali, iliyokuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, ikakauka kwa sehemu kubwa, mashua za wavuvi zikabaki juu ya mchanga. Nasi tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima chini ya utawala wa Kijerumani. Ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji, ambavyo pamoja na njaa iliyofuata viliua makumi ya maelfu ya watu. Wapo wanaokadiria kuwa walizidi laki mbili. Sisi ambao imani yetu ililetwa na wamisionari waliotoka nchi ileile ya watawala hao, tusisahau kwamba kitambaa cheupe kinaweza kuwa na historia nyekundu.

Hata hivyo pamba yaweza kulimwa kwa upole. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wako wakulima waliojiunga na mradi wa bioRe wa pamba ya kilimo hai. Hawatumii mbolea wala dawa za viwandani. Hubadilisha mazao shambani mwaka hata mwaka ili udongo usichoke, hupanda alizeti kandokando ya pamba ili wadudu wavutwe huko, na hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Ni kazi ya kusifiwa. Linalotusikitisha ni kwamba pamba hiyo imekuwa ikienda zaidi kwa wavaaji wa Ulaya, hasa Uswisi, huku mkulima wa Meatu akija kanisani na shati la poliesta.

Maana uzi mwingi wa dunia siku hizi hautoki shambani kabisa. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Pamba imebaki kama sehemu moja katika tano. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini, nayo ni ndugu wa damu wa chupa ya plastiki ya maji. Ikitupwa haiozi kama majani yaozavyo. Ikifuliwa huachia vinyuzi vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufuata maji hadi mtoni na baharini, na vimekutwa katika miili ya samaki. Haki itendeke lakini: poliesta hukauka upesi, haikunjamani, hushika rangi, na mjane mwenye nguo mbili tu anayo sababu njema ya kuipenda. Kosa letu lilikuwa kuchagua kitu kisichooza kwa ajili ya vazi la siku moja.

Wengine hujifariji kwamba nguo kuukuu zitageuzwa kuwa nyuzi mpya. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyosemwa. Tetroni tunayoivaa karibu sote, ile ya suruali na mashati, ni pamba na poliesta zilizosokotwa pamoja katika uzi mmoja, na kuzitenganisha tena ni kazi ya kemia na ya gharama. Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia moja ya malighafi ya nguo hurudi kuwa nguo. Hapa tungependa kuonya jambo dogo la ufafanuzi wa Maandiko. Tumesikia mhubiri akitumia katazo la kuchanganya sufu na kitani (Law. 19:19, Kum. 22:11) kama amri ya Mungu dhidi ya tetroni. Sheria ile ilihusu utaratibu wa utakatifu wa Israeli na haikujua lolote juu ya mafuta ya petroli. Tuna hoja za kutosha. Hatuna haja ya kuiba nyingine.

Kafa Ulaya

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu nchini Tanzania, na walio na umri wetu wanakumbuka foleni za khanga. Viwanda vya nyuzi vilikuwapo, kama kile cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, lakini vilisumbuliwa na mitambo iliyochoka, umeme wa kukatika na uhaba wa fedha za kigeni. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mitumba ikaingia kwa wingi. Wazee waliiita "kafa Ulaya". Jina hilo lina theolojia ndani yake. Mzee aliyelisema hakuweza kuwaza kwamba mtu mwenye akili timamu angeitoa nguo nzima namna ile akiwa hai. Lazima mwenyewe alikuwa amekufa.

Mzee alikosea kuhusu kifo tu. Mwenye nguo alikuwa hai, alikuwa amenunua nyingine. Taasisi hiyohiyo tuliyoitaja ilieleza kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 utengenezaji wa nguo duniani uliongezeka karibu mara mbili, huku idadi ya mara ambazo kila nguo huvaliwa ikipungua. Nguo ikawa rahisi kwa sababu mshonaji alilipwa kidogo na jengo alimoshonea halikukaguliwa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka huko Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Katika Katekisimo Kubwa, Luther anapoeleza amri ya saba, anawahesabu miongoni mwa wezi wale wauzao bidhaa mbovu na wale watumiao vipimo vya uongo. Tunadhani angaliijua pia bei ya uongo, ile iliyo ndogo kwa sababu mtu mwingine ameilipa.

Je, basi, tuikatae mitumba? Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, ili viwanda vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu walilalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaonywa kwamba zingepoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Kenya ilirudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Habari hizi zinaonyesha kwamba shati la mnadani lina mabwana wengi.

Kwa upande wetu hatuwezi kuihukumu mitumba kwa neno moja. Imewavika waumini wetu wengi, na baadhi ya wazee wa kanisa wamesomesha watoto kwa kuuza mitumba Kiboriloni na Memorial, Moshi, au Karume, Dar es Salaam. Tena kuvaa nguo iliyokwisha kuvaliwa ni jambo jema kwa dunia, kwani nguo hiyo haidai pamba mpya wala rangi mpya. Taabu ni yale yasiyovalika. Kadiri nguo za huko zinavyozidi kushonwa ovyo, ndivyo belo linavyozidi kuwa na matambara ambayo muuzaji ameyalipia sawa na nguo nzima, na mwisho wake ni mtaroni au jalalani. Huko Dandora, dampo kubwa la Nairobi, nguo zimejaa kati ya taka nyingine. Sharika rafiki za ng'ambo nazo zisifikiri kwamba kila furushi ni upendo. Usharika mmoja wa pwani uliwahi kupokea makoti ya theluji. Ulifanya vema ukayapeleka kwa ndugu wa Makete, ambako baridi hugandisha umande.

Mtu wa kutazamwa sokoni ni yule aketiye pembeni ya mabelo na cherehani yake. Hana bango. Mteja humletea suruali iliyozidi, naye huifumua, huikata na kuirudisha ikiwa ya mwili wa mtu yule. Shati lililochanika kola hulifumua kola, huigeuza upande wa ndani uje nje, na kuishona tena. Kola huchakaa pale inapokunjwa tu, upande wa pili ukiwa mpya, na kwa hiyo shati hupata miaka mingine. Mikono mirefu iliyotoboka viwiko huwa mikono mifupi, na kitambaa kilichobaki huwa mfuko. Vyuo vya Ulaya sasa vinafundisha haya kama elimu ya mazingira. Fundi wetu huyafanya apate fedha ya unga.

Joho la Paulo

Maandiko yanaifahamu nguo iliyo moja. Sheria inamwagiza aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu maskini hana jingine la kujifunika usiku (Kut. 22:26-27, Kum. 24:12-13). Paulo, akiwa gerezani na baridi ikikaribia, anamwomba Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa (2 Tim. 4:13). Ni mtume aliyezunguka nusu ya dunia iliyojulikana, na anajua joho lake liko nyumba ya nani. Bwana wetu naye, anapotaka kueleza upya wa Ufalme, anachukua mfano wa kiraka (Mk. 2:21), na mfano huo unasimama kwa sababu wasikilizaji walikuwa watu wa viraka: walijua kwamba kitambaa kisichopata kufuliwa hunywea kikiloa, na kikinywea huivuta nguo kuukuu ikapasuka zaidi. Fundi yeyote wa Kiboriloni hukiloweka kiraka kwanza, akakianika, ndipo akashona.

Na yupo Dorkasi wa Yafa (Mdo. 9:36-43). Mara nyingi tunamhubiri kama mfano wa sadaka, jambo lililo kweli. Lakini tuangalie wajane walichomwonyesha Petro wakilia. Walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Zilikuwa zingalipo, tena inaelekea walikuwa wamezivaa. Kazi ya mikono yake ilidumu kuliko pumzi yake.

Hapa lazima tuitaje khanga, ambayo bila chuo chochote imetimiza yote yanayodaiwa leo. Ni kipande cha pembe nne cha pamba, hakikatwi kwa umbo, kwa hiyo hakiachi vipande. Kiwanda cha mashati hupoteza sehemu moja ya kumi au zaidi ya kitambaa katika kukata peke yake. Khanga humfaa mwembamba na mnene, bibi na mjukuu. Huvaliwa, hubeba mtoto, hufunika maiti, kisha ikichakaa huwa winda la mtoto, na winda likichakaa huwa kishikio cha sufuria. Hata kama siku hizi nyingi huchapwa India, maisha yake marefu ni yetu.

Usharika ni mteja mkubwa

Tukihesabu vizuri tutaona kwamba katika vijiji vingi hakuna nyumba inayoagiza kitambaa kingi kuliko usharika. Kwaya moja ya watu 40 ikibadilisha sare kila irekodipo albamu au iendapo tamasha, hutumia zaidi ya meta 100 za kitambaa kila mara, na sare za zamani hazivaliwi tena kwa kuwa zimeandikwa jina la kwaya mgongoni. Umoja wa wanawake hununua kitenge cha mwaka, na kitenge kilichochapwa mwaka huzeeka kabla hakijachakaa. Hatusemi haya ili kuwalaumu akina mama wala wanakwaya. Mara nyingi wametii barua iliyotoka ofisini kwetu.

Dawa imo mle mle sakristiani. Kanzu nyeupe ya ibada haibadiliki mwaka mzima. Kinachobadilika ni stola, zambarau wakati wa Majilio, nyekundu Pentekoste, kijani katika majira marefu ya Utatu. Kipande chembamba cha kitambaa hubeba majira yote ya Kanisa. Kwaya ikiwa na gauni moja jema la pamba na kitambaa cha shingoni kinachobadilishwa, imefanya kama madhabahu ifanyavyo, na fedha iliyobaki inaweza kulipia kinanda. Kitenge cha jubilei nacho kichapwe alama ya dayosisi bila tarehe, kivaliwe miaka kumi.

Kuhusu joho jeusi la mchungaji, wengi hudhani lilivaliwa na Luther. Hakika ni kwamba liliamriwa rasmi na mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, mwaka 1811, kwa makanisa ya nchi ya baridi. Wanaolitoa jasho huko Tanga wana haki ya kuuliza kama ni lazima. Lakini lina jambo moja la kusifiwa: likishonwa vizuri halifi mapema. Sisi tulibarikiwa tukiwa tumevaa joho la mchungaji mstaafu aliyekuwa mpana mabegani kutuzidi. Fundi alilipunguza bila kukata, akakunja ziada ndani ya mshono, akasema kwamba huenda siku moja litahitaji kurudishwa kwa mtu mpana. Alisema kweli, lipo kwa mwingine sasa.

Baada ya aibu ya yule msichana, baraza la wazee liliamua kwamba magauni ya Kipaimara yawe mali ya usharika. Tulikwenda dukani pamoja na fundi mama mmoja wa mtaani, naye akatufundisha kipimo ambacho kila mchungaji angestahili kukijua. Aliomba uzi mmoja uchomolewe kwenye kila jora, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kuacha jivu jepesi. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa harufu ya plastiki na kuacha kidonge kigumu. Jora lililoitwa pamba na muuzaji lilitoa kidonge. Tulilipata la kweli duka la tatu, kwa bei ya juu kuliko ile satini.

Fundi alishona 36, mapana, ya saizi tatu. Katika kila mshono wa ubavuni aliacha nafasi ya vidole viwili ndani, na upindo wa chini aliufanya wa shibiri nzima, ili gauni liweze kuachiwa kwa mtoto mrefu na kurudishwa kwa mfupi. Kwapani, mahali ambapo nguo zote za Kipaimara hupasuka, alitia kipande kidogo cha pembe nne ili mkono uinuke bila kuvuta mshono. Magauni hufuliwa na wazazi wa mwaka husika kwa sabuni ya kipande, huanikwa juani, kwa kuwa jua huupa pamba weupe, na kuwekwa sandukuni pamoja na majani makavu ya mwarobaini dhidi ya wadudu. Mzazi hachangii gauni, huchangia sabuni.

Baadhi ya wazazi walinung'unika mwaka wa kwanza kwamba mtoto wao atavaa nguo ya mwenzake. Tuliwajibu kwa kuwakumbusha kwamba katika Ubatizo hakuna aliyekuja na vazi la peke yake (Gal. 3:27). Jibu hilo liliwanyamazisha baadhi, halikuwaridhisha wote. Kilichowaridhisha ni utepe. Fundi alishona ndani ya kila gauni, upande wa kifuani, utepe mweupe ambao juu yake huandikwa kwa wino usiofutika jina la kila msichana aliyelivaa na mwaka. Tulipoutembelea usharika ule mwaka jana tulilikuta gauni moja ambalo utepe wake ulijaa, na wa pili umeshonwa chini yake.

Suti za wavulana bado hazijapata ufumbuzi. Suti haipanuki kama gauni, na mvulana wa miaka 14 huongezeka kimo kati ya mtihani wa Katekisimo na siku ya ibada. Usharika mmoja jirani umejaribu kanzu fupi nyeupe kwa wavulana na wasichana pamoja, zilizoshonwa kwa kipimo kilekile cha fundi wetu. Wavulana walizivaa kwa shingo upande, lakini walizivaa. Wenzetu waliojaribu njia nyingine tunawaomba watuandikie, na wataje aina ya kitambaa, maana hapo ndipo tulipokosea sisi.